Meza ya Mababu: Familia ya Vietnam Kati ya Udi na Kiwanda

Katika nyumba nyingi za Vietnam, meza ya mababu ndiyo yenye mahali pa heshima kuliko chombo kingine chochote. Huwekwa katikati ya ukuta wa sebule unaotazamana na mlango, au katika ghorofa ya juu kabisa, ili asiwepo mtu wa kutembea juu ya vichwa vya wazee. Juu yake zimepangwa picha za marehemu, bakuli lililojaa mchanga au majivu ya kuchomekea udi wa vijiti, vikombe vidogo vya maji au pombe ya mchele, maua na sinia la matunda. Udi huwashwa tarehe mosi na tarehe 15 za kalenda ya mwezi mwandamo, siku ya kumbukumbu ya kifo, na kila panapotokea jambo: mtoto kafaulu mtihani, kijana kaleta mchumba, baba anasafiri. Waliotangulia hupewa habari, kisha ndipo walio hai wanaendelea na shughuli zao.

Mvietnam akiulizwa dini yake, huenda akajibu kwamba hana. Sensa ya mwaka 2019 iliwaandika takriban watu 86 katika kila 100 kuwa hawana dini. Jibu hilo lisimdanganye mtu. Wengi wa hao wasio na dini hufukiza udi nyumbani na huenda pagoda mwanzoni mwa mwaka. Mwenye duka huweka kijimadhabahu cha mungu wa mali sakafuni karibu na mlango, na asubuhi humwekea kikombe cha kahawa, pengine na sigara iliyowashwa. Kuwatunza mababu hakuhesabiwi kuwa dini. Ni adabu, kama kumwamkia mkubwa. Hata Wakatoliki, ambao sensa hiyo iliwakadiria kuwa 6 katika kila 100, wameruhusiwa na Kanisa lao tangu miaka ya 1960 kuwaheshimu mababu kwa udi na kuinamisha kichwa.

Mizizi ya desturi hii ni mirefu. Wachina walitawala sehemu ya kaskazini kwa karibu miaka elfu moja, hadi mwaka 938, na mafundisho ya Confucius kuhusu utiifu kwa wazazi yakaota juu ya imani za mizimu zilizokuwepo. Chama cha Kikomunisti kilipotwaa madaraka kaskazini mwaka 1954, kilizipiga vita sherehe nyingi za jadi kwa kuziita ushirikina na ufujaji wa mali, lakini meza ya mababu haikuondolewa. Serikali yenyewe ikaishia kuitumia. Kiongozi wake, Ho Chi Minh, aliacha wosia kwamba mwili wake uchomwe moto. Viongozi wenzake waliuhifadhi, na hadi leo umelazwa katika kaburi kubwa la mawe jijini Hanoi. Picha yake nayo imewekwa kwenye meza za udi za watu waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1969.

Siku ya kumbukumbu ya kifo, iitwayo gio, kwa jadi ilikuwa kubwa kuliko siku ya kuzaliwa, na vijijini bado ni hivyo. Ndugu hukusanyika kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Chakula kikishaiva huandaliwa mbele ya picha kwanza, udi huwashwa, na watu husubiri. Vijiti vikiteketea, ishara kwamba wazee wamekwisha kula, sinia huteremshwa na walio hai huketi. Kisha huchomwa vitu vya karatasi: noti, nguo, viatu, nyumba, pikipiki, hata simu za kisasa, vyote vikitarajiwa kumfikia marehemu kwa njia ya moshi. Katika kijiji cha Dong Ho, karibu na Hanoi, familia nyingi zilizokuwa mashuhuri kwa picha za kuchapwa kwa mbao zimehamia kwenye karatasi hizi, kwa sababu ndizo zenye wanunuzi. Mwaka 2018 uongozi wa Wabudha nchini uliyataka mapagoda yakomeshe uchomaji huo, ukisema haumo katika mafundisho ya Budha. Majumbani watu waliendelea kuchoma.

Anayekufa mbali na kwao bila kaburi hana wa kumlisha, naye huhofiwa kuwa mzimu unaotangatanga. Kwa mizimu ya namna hiyo, katikati ya mwezi wa saba, watu huweka uji mwepesi, chumvi na mchele nje ya nyumba. Ndiyo maana vita vya Vietnam, vilivyokwisha tarehe 30 Aprili 1975, havijafungwa katika familia nyingi. Nusu karne baadaye, mamia ya maelfu ya askari ama hawajaonekana miili yao, ama wamezikwa katika makaburi ya mashujaa chini ya mawe yasiyo na majina. Serikali inachukua vinasaba vya akina mama wakongwe kabla hawajafariki, ili mifupa itakayopatikana iweze kulinganishwa navyo.

Mpangilio huu wa wakubwa na wadogo umeingia hadi ndani ya lugha, na hapa msomaji wa Kiswahili anayo nafasi nzuri kuliko Mzungu. Kivietinamu hakina "mimi" na "wewe" za kumfaa kila mtu. Anayezungumza hujiita na humwita mwenzake kwa majina ya ukoo: anh ni kaka, chi ni dada mkubwa, em ni mdogo wa kike au wa kiume, co ni shangazi, cau ni mjomba, chu ni baba mdogo, bac ni baba mkubwa, ong na ba ni babu na bibi. Mama anayeuza supu ya tambi kando ya barabara humwambia kijana, "Shangazi amtilie mwanangu pilipili?" akiwa na maana ya "nikutilie?" Kwa hiyo wageni wakikutana huulizana umri mapema, wala si utovu wa adabu, kwani bila kujua nani mkubwa, sentensi haina pa kuanzia. Mume ni kaka na mke ni mdogo wake hata kama walizaliwa mwaka mmoja. Ho Chi Minh, ambaye Waingereza humwita mjomba, kwa watu wake ni Bac Ho, yaani Baba Mkubwa Ho, ndugu mkubwa wa baba wa kila mtu. Cheo hicho ni kizito kuliko cha mjomba.

Majina nayo yana utaratibu wake. La ukoo hutangulia, la mtu huja mwisho, na mtu huitwa kwa hilo la mwisho: Jenerali Vo Nguyen Giap, aliyewashinda Wafaransa kule Dien Bien Phu mwaka 1954, ni Jenerali Giap. Jina la ukoo lisingesaidia sana, maana kati ya watu watatu na wanne katika kila kumi wanaitwa Nguyen, jina la nasaba ya mwisho ya wafalme.

Kilele cha mwaka ni Tet, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Sheria ya kazi inatoa siku tano za mapumziko yenye malipo, ila kwa hakika nchi husimama kwa muda mrefu zaidi. Maandalizi huanza siku ya 23 ya mwezi wa 12, ambapo miungu ya jikoni hupanda mbinguni kutoa ripoti ya yote waliyoyaona nyumbani mwaka mzima. Usafiri wao ni samaki wekundu wa maji baridi, nao hununuliwa sokoni wakiwa hai na kuachiwa mtoni au ziwani. Hanoi vijana wa kujitolea husimama madarajani siku hiyo wakiwasihi watu waachie samaki tu, mifuko ya plastiki wabaki nayo.

Chakula cha Tet kaskazini ni mkate wa mchele uitwao banh chung. Mchele wa kunata hulowekwa, hupangwa juu ya majani mapana ya mmea wa dong, hufuatia choroko zilizomenywa, kipande cha nyama ya nguruwe yenye mafuta na pilipili manga, kisha choroko na mchele tena. Majani hukunjwa hadi umbo liwe mraba kamili, hufungwa kwa nyuzi za mianzi, na sufuria hutokota kwa muda wa saa kumi au kumi na mbili. Mtu mmoja lazima akeshe akiongeza maji na kuni, na watoto huomba wakeshe naye. Mchele ukiiva huwa umechukua rangi ya kijani ya majani. Kusini hutengenezwa mkate wa mviringo mrefu, uliofungwa kwa majani ya mgomba, uitwao banh tet. Wakazi wengi wa mijini sasa hununua uliokwisha pikwa.

Kaskazini na kusini hutofautiana pia katika maua na matunda. Hanoi hupambwa kwa matawi ya mpichi yenye maua ya waridi, Jiji la Ho Chi Minh kwa maua ya njano ya mai. Kwenye sinia la mababu kaskazini, shada la ndizi mbichi ndilo hubeba matunda mengine. Kusini ndizi huepukwa, kwa kuwa jina lake linakaribiana na neno la kuzama au kuporomoka. Wa kusini hupendelea topetope, nazi, papai na embe, kwani majina yake yakitamkwa mfululizo kwa lafudhi ya huko husikika kama dua ya kupata riziki ya kutosha matumizi. Mswahili wa pwani angeliona sinia hilo akadhani limetoka shambani kwake.

Baruti za karatasi zilizokuwa zikilipuliwa kila kona usiku wa kuamkia mwaka mpya zilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1995 kwa sababu ya majeraha na vifo. Siku ya kwanza nyumba haifagiliwi, baraka zisije zikatoka pamoja na takataka. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye atakayeupa mwaka sura yake, kwa hiyo familia humteua mapema mwenye nyota njema na kumwomba aje alfajiri. Aliyefiwa hujizuia mwenyewe kwenda kwa watu. Watoto hupewa bahasha nyekundu zenye noti mpya. Kwa jadi siku ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ya upande wa mama, ya tatu ya mwalimu.

Huo mgawanyo wa siku ya kwanza na ya pili ndio huzusha ugomvi kwa maharusi wa leo. Mke hutarajiwa kwenda kwa wakwe zake, na huko sehemu kubwa ya Tet yake huishia jikoni, akiandaa masinia ya mababu ambao si wake, huku mama yake mzazi akikaa peke yake mkoa mwingine. Kila mwaka magazeti hulirudia suala la kula Tet kwa nani. Wengine hupokezana, mwaka huu kwako, mwakani kwetu, na wapo wanaokimbilia hotelini ufukweni wasiwaudhi wazazi wa upande mmoja.

Nchi inayosherehekea hivi imebadilika upesi. Mwishoni mwa 1986 mkutano mkuu wa sita wa Chama cha Kikomunisti ulipitisha mageuzi yaitwayo Doi Moi: mkulima aliruhusiwa kulima kwa faida yake, mfanyabiashara kufungua duka, mgeni kuwekeza. Taifa lililokuwa likiagiza mchele likaanza kuuza mchele mwingi nje mwaka 1989. Leo ni la pili duniani kwa kuuza kahawa baada ya Brazil. Afrika Mashariki inaijua sura hii ya Vietnam bila kuitaja jina: mitandao ya simu ya Halotel nchini Tanzania na Lumitel nchini Burundi ni mali ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam, na shehena kubwa za korosho ghafi za Mtwara na Lindi hupakiwa melini kwenda huko kubanguliwa.

Mageuzi hayo yalijengwa juu ya migongo ya vijana waliotoka vijijini. Viwanda vya simu vya Samsung mikoani Bac Ninh na Thai Nguyen, na vya nguo na viatu kandokando ya Jiji la Ho Chi Minh, vimevuta mamilioni. Hupanga vyumba vidogo vilivyopangana mstari mmoja, choo na jiko humo humo, na pikipiki huingizwa ndani usiku. Mara nyingi mtoto huachwa kijijini kwa bibi. Mwishoni mwa mwaka mazungumzo yote ni ya kitu kimoja: bonasi ya Tet, ambayo kwa desturi hufikia mshahara wa mwezi wa 13. Ikicheleweshwa au ikipunguzwa, wafanyakazi hugoma. Nauli hupanda msimu huo, na wasioimudu hubaki kwenye vyumba vyao vya kupanga wakati mtaa mzima umehama. Oktoba 2021, marufuku ya kutoka ndani kwa ajili ya korona yalipolegezwa, maelfu kwa maelfu waliondoka kusini kwa pikipiki, watoto wamebanwa katikati na mabegi yamefungwa nyuma, wengine wakisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika kwao.

Meza ya mababu ina upande wake mchungu, nao ni suala la nani atakayeirithi. Kwa jadi mwenye jukumu la udi ni mtoto wa kiume; binti akiolewa huhudumia meza ya mumewe. Sheria inawapa watoto wote haki sawa ya urithi, na mwanamke wa Vietnam hafungiwi ndani: yuko sokoni, kiwandani, ofisini, na tangu 2013 ana likizo ya uzazi ya miezi sita yenye malipo. Hata hivyo ukoo usio na mvulana huhesabika kuwa umekatika. Serikali ilipoweka kikomo cha watoto wawili mwaka 1988, na baadaye mashine za kupima mimba zikaenea, mambo mawili yalikutana. Wanandoa waliruhusiwa nafasi mbili tu, nao wakawa na uwezo wa kujua mapema jinsia ya mtoto. Kuchagua jinsia kulikatazwa mwaka 2003. Daktari asiyetaka kuvunja sheria kwa maneno ya wazi husema mtoto anafanana na baba, na mama huelewa. Kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa, wavulana ni takriban 111, ilhali uwiano wa kawaida ni 105. Hao wavulana wa ziada sasa wanafika umri wa kuoa, na wenye kipato kidogo vijijini ndio wanaokosa wachumba.

Tatizo jingine limekuja kinyumenyume. Mjini, wanandoa hawataki tena hata hao wawili. Kodi ya nyumba, ada, na hasa masomo ya ziada ya jioni, ambayo wazazi huyaona ya lazima kama chakula, yamewachosha. Mwaka 2024 wastani wa nchi ulikuwa watoto 1.91 kwa kila mwanamke, na katika Jiji la Ho Chi Minh chini ya 1.4. Tarehe 3 Juni 2025 kikomo cha watoto wawili kikafutwa. Waliopitisha kanuni ile kwa hofu ya nchi kufurika, ambayo ilivuka watu milioni 100 mwaka 2023, walijikuta wakiwabembeleza vijana wazae.

Wazee nao wanaongezeka. Mwaka 2024 waliofikisha miaka 60 walikuwa wapatao milioni 14, na wengi hawakuwahi kuajiriwa kwa mkataba, hivyo hawana pensheni. Julai 2025 umri wa kupata posho ya serikali kwa wasio na pensheni ulishushwa kutoka miaka 80 hadi 75. Posho hiyo ni 500,000 za dong, sarafu ya nchi, kwa mwezi, kiasi kisichofika dola 20 za Marekani. Yaliyobaki ni juu ya watoto. Kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee bado huitwa kukosa shukrani, lakini nyumba hizo zinaongezeka Hanoi, maana mtoto ni mmoja au wawili, na wote wako kazini hadi usiku.

Au wako ughaibuni. Mikoa ya Nghe An na Ha Tinh, yenye udongo hafifu na vimbunga, imepeleka vijana Japan, Korea Kusini, Taiwan na Ulaya, na fedha zao zimeotesha nyumba za ghorofa zenye nguzo kati ya mashamba ya mpunga. Wanaokwenda kwa njia halali hukopa fedha nyingi kuwalipa mawakala. Wanaokwenda kwa njia ya panya hukopa zaidi, ardhi ya familia ikiwa rehani. Oktoba 2019 Wavietnam 39 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya kontena la lori huko Essex, Uingereza, wawili kati yao wakiwa wavulana wa miaka 15. Wengi walikuwa wa mikoa hiyo miwili. Familia zilisubiri zaidi ya mwezi kuipokea miili, na picha zao, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye simu, ziliwekwa kwenye meza za udi.

Jijini Hanoi, wanandoa wapya huhamia kwenye maghorofa marefu yenye dari fupi na kengele za moto. Mafundi seremala wamebuni meza ya mababu ya kutundika ukutani, upana wake usiozidi rafu ya vitabu, na juu yake, kwenye dari, hupachikwa kibao cha mbao kilichotobolewa maua ili moshi wa udi usiichafue rangi. Asiyeweza kabisa kuwasha moto hununua udi wa umeme, wenye taa ndogo nyekundu kwenye ncha.